Binti Yangu Anasema Bado Hajaitwa

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na unisamehe mwandiko, mimi ni fundi wa kuchomelea mageti, mikono yangu haijazoea kalamu. Mke wangu alifariki mwanzoni mwa mwaka, aliumwa kichwa asubuhi na jioni hatukuwa naye tena, akaniachia binti mmoja wa miaka saba, na tunakaa chumba na sebule kwenye nyumba ya wapangaji wengi yenye uwanja mkubwa mbele, na watoto wote wakitoka shule wanatupa mabegi hapo na kuanza kuruka kamba, kukimbizana, kujificha nyuma ya tangi la maji, mpaka giza linaingia na kila mama anatoka mlangoni kumwita wake. Marehemu alikuwa na sauti kuwashinda wote. Alisimama na taulo begani akiita, "Kiroboto weee! Maji yanapoa!" maana mtoto hatulii mahali, na uwanja mzima unacheka, naye anakuja mbio amejaa vumbi mpaka kwenye kope.

Sasa, mshauri, wenzake wakishaitwa wote yeye anabaki. Jirani yetu, Mama Mapacha, ameniambia kwamba kila akiwaita mapacha wake humwita na binti yangu, lakini mtoto anamjibu kwa adabu, "Ahsante mama, mimi nangoja," kisha anakaa kwenye ngazi peke yake mpaka nirudi kutoka kazini. Nilidhani ni utundu, nikamgombeza. Wiki iliyopita mvua ikanyesha, watoto wakaitwa haraka haraka, nikarudi nikamkuta pale pale ngazini, nguo zimemganda mwilini, meno yanagongana, nikamfokea, "Kwa Mama Mapacha mlango uko wazi, kwa nini hukuingia ndani?" Akanitazama kana kwamba mimi ndiye nisiyeelewa, akasema, "Baba, sijaitwa."

Nikambeba ndani, homa ikamlaza siku kadhaa, na dada yangu mkubwa alipokuja kumwona akasema mtoto anaharibika, mwanaume hawezi kulea binti, anataka amchukue akaishi naye mji mwingine, kwake kuna ukuta mrefu na hakuna mtoto anayecheza nje, na anataka jibu mwisho wa mwezi huu. Na nikwambie ukweli wote, tajiri wangu hufunga karakana jua lingalipo, ni mimi ninayeomba kubaki, nasugua kutu kwenye vyuma ambavyo hakuna aliyeviagiza, kwa sababu ile saa ya watoto kuitwa siiwezi, nikiwasikia akina mama wanaita naitafuta sauti yake katikati yao. Je, nimpe dada mtoto?

Fundi wa mageti

JIBU

Fundi, pole. Pole sana, na nimeanza na pole kwa sababu yanayofuata hayatakufurahisha.

Mtoto wako haharibiki. Anaomboleza, tena anaomboleza peke yake, maana mtu pekee mwenye msiba sawa na wake amejificha karakana. Halafu unarudi unamgombeza kwa kukungoja! Ulitaka amngoje nani? Anajua mama yake harudi, usimfanye mjinga. Anamngoja aliyebaki.

Dada yako anampenda, sikatai. Mshukuru, mwambie aje likizo, akufundishe kumsuka nywele, maana anayeunganisha vyuma hashindwi na nywele. Lakini mtoto aliyempoteza mama hapokonywi tena baba, marafiki na uwanja kwa mkupuo mmoja. Jibu ni hapana, na umjibu dada yako leo, usingoje mwisho wa mwezi mtoto akiwa anasikia mnamjadili. Mama Mapacha naye mwendee kwa heshima, umwombe amtupie jicho siku ambazo kweli kazi imekubana. Kweli, nimesema. Si siku za kutu.

Kesho tajiri akifunga, ondoka naye. Pasha maji. Giza likianza kuingia simama mlangoni na umwite mwanao. Usimwite Kiroboto, jina hilo ni lake na mama yake, akitaka ulitumie atakwambia mwenyewe. Mwite kwa jina lake, sauti ifike kwenye tangi. Sauti itakatika. Ikikatika, lia, kisha ita tena. Majirani watasikia? Wasikie, mwanaume kulia mlangoni kwake hakujawahi kubomoa nyumba. Na mkila, mtaje marehemu, msimulie binti yako alivyokuwa akicheka, kwa sababu mtoto asiposikia mamaye akitajwa hudhani ni kosa kumkumbuka.

Jioni za kwanza atakuja upesi na kimya, kama mtu anayeogopa utabadili mawazo. Mpokee, usimdai maneno. Endelea tu kuita, siku baada ya siku, mpaka ifike jioni utakayoita naye akupigie kelele kutoka huko gizani, "Baba, bado kidogo!" Jioni hiyo, fundi, usimgombeze. Funika maji, kaa kizingitini, umwache acheze.