Sanduku Halina Mdomo

Fagavai, Savaii
Jumatatu

Ndugu yangu Lafaele,

Amani ya Bwana ikufikie huko Auckland, wewe na mkeo Sieni na watoto, ambao najua sasa wamenipita urefu, jambo ambalo si gumu. Mimi sijambo, isipokuwa mgongo ndio unaonikumbusha umri. Mke wangu anakusalimu na kusema hajasahau ile sufuria yake uliyoiunguza siku ya harusi yetu. Magimbi yamekubali mwaka huu. Nguruwe wetu wawili wameibiwa, na mwizi tunamjua, lakini ni shemeji yangu, kwa hiyo tumemwachia Mungu.

Najua unashangaa kupata barua. Nimekupigia simu mara nyingi na hukupokea, wala sikulaumu. Simu ikitoka kijijini kwenda New Zealand haiendi bure: ni msiba, ni ada ya shule, au ni paa la ukumbi wa kanisa. Ningekuwa wewe, nami ningeiacha ilie mpaka inyamaze. Ndiyo maana nimempa Etevise, binti wa dada yangu, barua hii akukabidhi mkononi, kwa kuwa anakuja huko kumuuguza shangazi yake. Na nakwambia mapema ili usome kwa moyo mtulivu: humu ndani sikuombi hela.

Nataka kukupa habari za mama yako. Usishtuke, ni mzima, anakula, na ulimi wake bado unakata vizuri kuliko panga langu. Lakini haji tena kanisani. Kila mtu anasema ni goti. Nami nilisema ni goti, mpaka siku nilipojua.

Unakumbuka jinsi matoleo yalivyokuwa yanasomwa. Tangu nilipopewa ukatibu baada ya marehemu baba, mimi ndiye niliyekuwa nikisimama baada ya mahubiri, nakohoa kidogo, naita kila ukoo kwa jina la cheo chake, na kutaja ulichotoa. Tuiasau, kiasi fulani. Aumua, kiasi fulani, hapo najisoma mwenyewe. Nikifika kwa Leavasa, mama yako anaitika kutoka kwenye benchi lake, “Tupo!” Hakuna mwingine aliyekuwa akiitika. Watoto walikuwa wanaziba midomo wasicheke, maana ukoo mzima wa Leavasa mmehamia Auckland na Sydney, na huyo anayesema tupo ni bibi mmoja mwenye kofia. Yeye hakujali. Alikuwa akisema, kisha anakaa vizuri na kuikunjua sketi yake, ibada inaendelea.

Halafu akaja mchungaji mpya, Esekielu. Ni kijana mwema, usimchukie. Aliingia nyumba moja baada ya nyingine akaona yale tunayoyajua sote tukajifanya hatuyajui: watu wanaokopa Ijumaa ili wasiaibike Jumapili, mama anayeuza mikeka ya fahari aliyoachiwa na bibi yake, watoto wanaokwenda shule na ndizi moja wakati baba yao amesomwa kwa mamia. Ilimuuma. Akaja kwangu kabla ya kikao cha mashemasi, akanywa kakao yetu, akaniuliza ningeonaje kama tungeacha kusoma majina. Tuweke sanduku mlangoni, kila mtu atumbukize alichojaliwa, ajue yeye na Mungu wake. Alisema wazee hawatakubali ila wakisikia kutoka kwangu, kwa kuwa sauti inayosoma ni yangu.

Nikazungumza, Lafaele. Nilizungumza vizuri kuliko nilivyowahi kuzungumza. Nilitaja wajane, nilitaja mikeka, nikawakumbusha kwamba Mungu huona sirini na hahitaji katibu. Mzee Tuiasau alinung'unika kwamba mtu hapiki nguruwe mzima akamla gizani, lakini mwisho naye akakubali. Seremala akatengeneza sanduku zuri lenye kufuli, likawekwa mlangoni. Watu wengi walishukuru, na kusema kweli kuna nyumba ambazo siku hizi Ijumaa wanalala usingizi. Paa la ukumbi limesimama nusu, mvua inaingia upande wa akina mama, lakini hiyo ni habari nyingine.

Mama yako alikuja Jumapili chache za kwanza. Anatumbukiza bahasha yake, anakaa, na baada ya mahubiri namwona ananyoosha shingo kunitazama, kama anayesubiri nisimame. Sikusimama. Kisha akawa anakuja na kukosa, akakosa moja kwa moja. Mke wangu akampelekea chakula cha mchana, akarudi akisema goti linamsumbua.

Jumapili moja ibada ikiendelea nikakumbuka nimeacha ufunguo wa ukumbi nyumbani. Nikatoka kwa mlango wa nyuma na kupita pale kwenu. Mapazia ya ukindu yalikuwa yamekunjwa, nyumba iko wazi pande zote. Mama yako amekaa kwenye mkeka katikati, nguo nyeupe, kofia kichwani, uso ameuelekeza kanisani. Na alikuwa anasoma majina.

Alikuwa anayasoma kwa sauti yangu. Alianza kwa kukohoa kama mimi, jambo ambalo sikujua kwamba linasikika mpaka nje. Akaita kijiji kizima kwa mpangilio uleule, bila karatasi. “Tuiasau, tala mia mbili, zote za kukopa. Aumua, tala ishirini, na maneno mengi.” Nilikuwa nimesimama nyuma ya mti wenu wa shelisheli, na pamoja na aibu yote niliyokuwa nayo nilitamani kucheka. Kisha akafika mwisho, akanyoosha mgongo, “Leavasa, tala elfu moja, na ng'ombe!” Na hapo akabadilisha sauti, akaitika kwa sauti yake mwenyewe, “Tupo!”

Baada ya hapo akawa anasikiliza. Nilimwona kichwa amekiinamisha upande mmoja, kama kuna mtu mwingine aliyetakiwa kujibu. Hamu ya kucheka ikaniisha.

Aliponiona hakushtuka. Akasema, “Umechelewa, katibu. Nimekufanyia kazi yako, na mshahara naomba.” Nikakaa. Nikamuuliza goti. Akasema goti lake halijawahi kumzuia kwenda mahali anapoitwa. Akaniuliza, “Pesamino, mlitufuta lini?” Nikaanza kumweleza habari za sanduku, habari za wajane, yale yote niliyosema kikaoni. Akanisikiliza kwa adabu, akasema, “Mwanangu, sanduku halina mdomo.”

Ndipo akanieleza. Nilidhani najua kila kitu kuhusu matoleo ya kijiji hiki, lakini hili sikulijua. Alisema ulikuwa unampigia kila baada ya Jumapili ya matoleo. Kwanza unamuuliza, Tuiasau kasomwa kiasi gani, mnacheka, unasema safari ijayo utamfunika. Halafu unamuuliza amekula nini, kuku wanataga, nani kafa, nani kazaa. Kesho yake akienda kisimani wanawake wanamwuliza, Lafaele anasemaje, naye ana la kuwaambia. Aliposikia majina hayasomwi tena akakwambia, nawe ukamjibu kwamba afadhali, sasa utatuma ukipata. Ukatuma mara mbili. Kisha kiwandani wakapunguza saa zako, ukakosa cha kutuma, na bila cha kutuma ukaacha kupiga. Alisema hakulaumu. Alisema, “Mtoto wangu ni kama baba yake, haendi nyumba ya watu mikono mitupu, hata ikiwa ni nyumba ya mama yake.” Akanionya nisikwambie, usije ukasikia kama anadai. Sasa nimekwambia, na nikirudi kwake atanichapa kwa ufagio.

Lafaele, kama ningeishia hapo ungesema Pesamino ni mtu mwema, amemtembelea mama yangu. Sitaki uniwazie hivyo, kwa sababu si kweli.

Sikuzungumza kikaoni kwa ajili ya wajane. Nilizungumza kwa sababu yako. Wewe na mimi tuliandikisha majina siku moja kwenye ile bahati nasibu ya kwenda New Zealand, kwa kalamu moja tuliyoazimana. Lako likaitwa. Nikakusindikiza mpaka feri, nikakubebea sanduku la nguo, nikarudi kwenye magimbi ya baba. Sikukuonea wivu siku ile, nakuapia. Wivu ulikuja baadaye, pale niliposimama mbele ya watu Jumapili baada ya Jumapili na kwa mdomo wangu mwenyewe nikasoma Aumua, tala ishirini, kisha Leavasa, tala mia tatu. Mimi ndiye niliyekuwa nafyeka makaburi ya wazee wenu. Mimi ndiye ninayezibua mfereji wa kanisa mvua ikinyesha. Na bado jina langu lilikuwa likipita watu wakikohoa, na lako likitajwa wanageuka kumtazama mama yako kwa heshima. Kijana Esekielu aliponiuliza habari za sanduku, nilisikia moyo wangu ukifurahi kabla hajamaliza sentensi. Wajane niliwakumbuka baadaye, nilipohitaji maneno mazuri.

Nilitaka nisikusome tena. Basi, ndivyo ilivyokuwa. Sikujua kwamba nikinyamaza nitakuwa nimekata ile kamba iliyowashikilia wewe na mama yako. Lakini hata kama ningejua, sina hakika ningefanya nini, na hilo ndilo linaloniuma ninapolala. Mchungaji sijamwambia bado. Nimeanza na wewe, maana wewe ndiye niliyekukosea. Naomba unisamehe, ukiweza.

Tangu siku ile nimekuwa nikienda kwake kila Jumapili baada ya chakula cha mchana. Nakaa nimeegemea nguzo ya mbele, ile anayopewa mgeni, nakohoa, namsomea majina. Viasi sivitaji. Siku ya kwanza aliniuliza, “Bei iko wapi?” Nikamwambia bei imefutwa, yamebaki majina. Akasema, “Basi soma polepole, tusile hasara.” Nikifika kwa Leavasa anaitika kama zamani, na watoto wa jirani waliozoea kuja kusikiliza wanacheka, naye anafurahi wakicheka. Nikadhani nimepata njia ya kulipa nilichoharibu.

Lakini jana niliita Leavasa na hakuitika. Nikadhani amesinzia, nikaita tena. Alikuwa macho. Alikuwa anaangalia barabara inayotoka gatini. Akaniambia taratibu, bila hasira, “Pesamino, nimechoka kusema tupo, na niko peke yangu.”

Nikamkunjulia mapazia, kwa kuwa jua lilikuwa limeingia ndani, nikaenda nyumbani, na leo nimeshika kalamu.

Ombi langu ni moja, ndugu yangu, na halina gharama. Etevise atanijulisha akishakukabidhi barua hii, na Jumapili itakayofuata nitakupigia mchana, nikiwa kwenu, na nitaiweka simu juu ya mkeka mbele yake. Hata kama mwezi huu hukupata kitu, hata kama umefukuzwa kazi, hata kama umenikasirikia hutaki kuisikia sauti yangu, pokea. Usiseme lolote kwangu. Nitasoma kuanzia Tuiasau, nitajisoma mwenyewe, nitakwenda mpaka mwisho. Waite watoto wakae karibu na simu, na Sieni pia. Nikifika kwa Leavasa, itikeni.

Wasalimie wote wa Fagavai walioko huko, hata wale wasiopenda kusalimiwa. Mke wangu amekufungia kakao kidogo kwa Etevise, usimwachie aishike muda mrefu maana anaipenda. Bwana akulinde katika kazi na katika baridi.

Ni mimi nduguyo, katibu asiyesoma,

Pesamino wa Aumua