Kiti cha Bi Vifungo

12 Januari

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje? Mimi mzima, ila mikono imekuwa migumu kwa pasi. Kutwa napiga pasi mashuka ya hoteli, nikilala naota mashuka.

Nimewaza sana uliyoniambia kwenye simu: mwanangu Bi Vifungo katimiza miaka mitano na bado haombi hata maji, anakushika mkono tu na kukupeleka bombani. Ukimwita hageuki, lakini ukifungua kopo la vifungo chumba cha pili, huyo kafika. Mwenzangu hapa kazini ana mpwa wa namna hiyo. Anasema kuna daktari wa watoto anayewachunguza, na akishaandika alichokiona, shule inampa mtoto mwalimu wa kumsaidia. Bila hivyo watamrudisha nyumbani tena kama mwaka jana. Mpeleke, Mama, nakuomba.

Mkataba wangu unaisha Agosti na wanataka niongeze mwingine. Sijui nifanye nini. Nikipiga simu, mwanangu anaiweka sakafuni na kwenda zake. Naogopa amenisahau.

Mbusu kisogoni, usoni hapendi.

Mwanao

20 Februari

Mwanangu,

Marahaba, Mungu akuweke. Magoti yananisalimia kila nikipanda ngazi, nami nayaitikia. Habari hii ni ndefu kwa simu yangu ya tochi, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Tumekwenda! Na mwanao hakutuaibisha hata kidogo. Wiki nzima nilimfundisha pale kwenye cherehani: akinitazama machoni, kifungo kimoja, akisema "shikamoo", viwili. Nikamkaririsha mpira, kikombe, paka, maana jirani alinidokeza kwamba daktari huuliza hayo hayo. Siku ya siku nikamsuka, nikamvika gauni la njano. Daktari anauliza, mtoto anajibu! Alipokwama nilimfinya begani kidogo. Daktari kaandika hana tatizo kubwa, tumrudishe baada ya mwaka. Nilitoka pale kifua mbele. Nani kasema mjukuu wangu ana kasoro?

Shida ni mwalimu mkuu. Kasema kama hana tatizo, basi akae darasani kama wenzake. Siku ya kwanza kengele ililia, mtoto akaziba masikio, akapiga mayowe mpaka akatapika. Tukarudishwa. Watu wa shule hawana subira.

Mama yako

2 Machi

Mama,

Shikamoo. Natumaini mu wazima.

Mama, jamani! Ule haukuwa mtihani wa kufaulu! Umemfundisha mtoto kuficha kile kile tulichotaka daktari akione. Nimelia mpaka msimamizi akanitoa kwenye pasi nisije nikaunguza shuka. Wewe unatafuta sifa, mwanangu anatapika mlangoni pa shule, nami niko huku siwezi hata kumshika. Mrudishe kwa daktari. Usimsuke, usimfundishe, usimfinye. Mwache aonekane alivyo.

Mwanao

10 Aprili

Mama,

Shikamoo. Simu hupokei. Nilivuka mpaka, nisamehe. Niambie tu kama anakula.

Mwanao

17 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Anakula, mikate ameing'ang'ania kama kawaida. Nilinuna, sikatai. Mtu akifokewa na mtoto aliyemzaa lazima anune kidogo, uzee una raha gani nyingine? Yamekwisha.

Nilimrudisha. Nywele timutimu, kopo la vifungo kwapani. Tulimkuta daktari yule yule. Nikamweleza nilivyomkaririsha mtoto, mama wa watu akacheka mpaka akavua miwani. Kisha akakaa naye sakafuni, wakapanga vifungo, huku akiniuliza mambo ya tangu anazaliwa. Tukaitwa tena, na tena. Ana usonji, ndilo neno lenyewe. Si laana, hauambukizi, wala si kwa sababu uliondoka. Hilo la mwisho nilimuuliza kwa ajili yako.

Shule imempa kiti kwenye darasa dogo, na mwalimu aliyesomea watoto kama yeye. Kengele ikikaribia kulia wanamtoa nje kwanza. Ila mwaka huu wa kwanza wanataka mtu wa nyumbani akae naye, na mtu mwenyewe ndiye mimi. Nakaa kwenye kiti cha kitoto, magoti shingoni, naimba wimbo wa rangi na mjukuu wangu asiyeimba. Wateja nguo zao wanazisubiri mpaka jioni, watajiju.

Sasa sikiliza. Kila tukifika mlangoni pa darasa, anashika kitasa na kusema, "Nakuja sasa hivi." Nyumbani pia, akisimama dirishani. Mimi nilidhani anabwabwaja. Mwalimu akaniuliza nani humwambia hivyo. Anasema baadhi ya watoto hawa huokota sentensi nzima na kuitumia wanapohisi tena walichohisi siku ile walipoisikia.

Mwanangu, jioni ile nilimsikiliza vizuri. Sauti ni yako, na mafua yako ya asubuhi ile yamo humo humo. Ulimwambia hivyo sanduku likiwa mkononi, ili asilie. Hakulia. Ndiyo miaka miwili hii anakungoja.

Sikuandikii ili uache kazi. Uliogopa amekusahau, basi jua.

Mama yako

3 Agosti

Mama,

Shikamoo, na pole na kiti cha kitoto.

Barua yako imechakaa kwa kukunjwa. Naitoa mfukoni mwa aproni mashuka yakipoa, naisoma pale pale unaposema anasimama dirishani. Nina hamu na mtoto huyu mpaka nimechoka.

Leo wameniletea mkataba mpya niutie saini. Nimewarudishia na kalamu yao. Kazi nitatafuta huko huko. Muhula ukifunguliwa nitakaa mimi kwenye kile kiti, wewe urudi kwenye cherehani yako kabla wateja hawajakupiga. Wimbo wa rangi utanifundisha.

Usimshonee gauni, Mama. Usimkaririshe jina langu. Wala usimwambie kwamba nakuja. Nilishamwambia.

Mwanao