Anwani Iliyohamishwa kwa Siku Moja

MAELEZO YA SHAHIDI
Daegu, Ijumaa, tarehe 14 Machi
Jina: Ok Byeong-hwan. Umri: miaka 72. Kazi: mwalimu mstaafu wa hesabu. Makazi: mpangaji, ghorofa ya pili, nyumba ya Bw. Pyo Jae-mun.

Kosa la wengi ni kudhani kwamba amana ya nyumba, yaani fedha nyingi ambazo mpangaji humkabidhi mwenye nyumba badala ya kodi na kurudishiwa akihama, hulindwa na wema wa mwenye nyumba. Hulindwa na anwani. Mpangaji aliyeandikishwa hapo kabla ya benki kukopesha hulipwa kwanza nyumba ikipigwa mnada. Akihamisha anwani, hata kwa siku moja, benki humtangulia.

Mnamo tarehe 4 Machi, saa mbili asubuhi, nilikuwa uani nikitenganisha takataka. Bw. Pyo alikuwa akizungumza na Bi. Gam Sol-hee, mpangaji wa chini, ambaye tunamwita Mama Ra-on.

"Mama Ra-on, andikisha anwani kwa dada yako siku moja tu," alisema. "Benki ikishanikopesha, Alhamisi ijayo nakupa milioni zako mia na ishirini za amana, uhame kwa amani."

Nilimwambia asikubali. Bw. Pyo akacheka. "Mwalimu, umefundisha hesabu miaka arobaini na bado unapanga."

Alipoondoka, Mama Ra-on akaniambia, "Mkewe ndiye aliyenipikia supu ya mwani nilipojifungua. Nitamkatalia kwa uso gani?"

Kesho yake alihamisha anwani, na kwa kuwa angehama wiki iliyofuata, hakuirudisha.

Tarehe 13, saa kumi jioni, nilimkuta Bw. Pyo ameketi ngazini. Akaniambia mwenyewe kuwa madeni ya kadi na ada za masomo ya jioni ya wanawe yalikuwa yamemkaba, basi mkopo wote aliununulia mikataba ya chaguo ya hisa. Nieleze, Afisa: mkataba huo ni haki ya kununua kwa bei fulani, siku fulani. Siku ni Alhamisi ya pili ya mwezi. Soko lisipofika bei hiyo, haki hainunui hata kitunguu.

"Lingepanda kidogo tu, Mwalimu."

"Na za Mama Ra-on?"

"Si ndizo nilizokuwa nazitafuta?"

Leo asubuhi Mama Ra-on alibisha kwao, mtoto mgongoni. Viatu vya Bw. Pyo, ambavyo huviacha mlangoni akiwa ndani, havikuwapo. Mkewe alifungua, akamwinamia kuomba radhi.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasikia. Nimesomewa, ni sahihi.
(Sahihi) Ok Byeong-hwan

Maelezo ya afisa: Shahidi amekataa kuondoka kabla sijaongeza haya. Nyuma ya benki wako wadai wengine, nao hawajaifikia nyumba. Mama Ra-on aende ofisi ya mtaa leo, kabla ya saa kumi na mbili jioni, akairudishe anwani yake, ili angalau awatangulie hao.