Kinda wa Mnara wa Maji

Mama mkwe wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta na nguvu, na kwamba lile goti limetulia tangu ubadilishiwe dawa. Baba naye, kifua kimeacha kumbana? Sisi huku tu wazima wa mwili. Mjukuu wako ameota meno mawili ya mbele, na kila anayembeba hasalimiki na kung'atwa.

Najua utashangaa, maana tangu msiba hatujaandikiana. Siku ya maziko uliniuliza kama yule ndege aliyemponza mwanao yu hai, nami sikukujibu. Leo nakujibu: yu hai, na Alhamisi iliyopita ameondoka.

Kipanga wawili walijenga kiota chini ya tangi la mnara wa maji, mkabala na dirisha la chumba chetu cha kushonea kule kazini: vijiti, vipande vya waya, na utepe mwekundu waliouokota kwenye taka zetu. Mwanao, kwa kuwa ndiye aliyekuwa fundi bomba wa mnara huo, ndiye aliyeniambia mna kinda mmoja. Jumapili ile nilikwenda kumalizia kazi, akanisindikiza, mtoto nimembeba. Upepo ukamwangusha yule kinda mbele ya mlango wetu. Nilimwokota, nikamweka ndani ya boksi la nyuzi. Alikuwa mweupe kama pamba iliyochambuliwa, na macho ya kumtisha mtu mzima. Mwanao alimkatia nyama kwa mkasi wangu, akamwita Bwana Mkaguzi, kwa jinsi alivyotukazia macho bila kuridhika na lolote. Mengine unayajua. Alipanda, akamrudisha kiotani, na wakati wa kushuka kipago cha ngazi ya chuma kikakatika.

Niliporudi kazini, fundi mkuu alitaka kunihamishia meza ya nyuma nisiuone mnara. Nilikataa. Sikufichi, Mama, siku za kwanza nilimwombea yule ndege afe. Wazazi wake walimletea panya na mijusi, akala, akanenepa, nami nikishona kola, chakula changu nikikirudisha nyumbani vilevile. Weupe ukapukutika, akaota manyoya ya kahawia. Akaanza kusimama ukingoni na kupigapiga mabawa bila kwenda popote, wenzangu wakacheka kwamba anaomba kazi jeshini. Asubuhi moja upepo ulimnyanyua, akatua kwenye nguzo ya umeme, akalia hapo mpaka mchana, hajui kurudi. Nilijikuta nimesimama, mkono kifuani, kitambaa nimekitoboa hovyo. Tangu hapo nikageuka, nikataka aishi, ili kifo cha mwanao kiwe kimezaa japo kitu kimoja chenye uhai.

Basi Alhamisi aliruka, akazunguka juu ya paa letu mara mbili, akashika njia ya machimbo ya mawe. Nilikaa dirishani mpaka tukafunga. Hakurudi, na sasa kiota ni kitupu. Nilidhani nitapata nafuu. Sikupata, na ndiyo maana nimeshika kalamu.

Mama, hakuwa amelewa. Wewe mwenyewe ulisema makaburini kwamba umezika aibu, nami nilikuwa nimesimama nyuma yako, nikanyamaza. Mwanao alikuwa na miezi saba hajaonja pombe. Alitaka tungoje Jumatatu ghala lifunguliwe, achukue mkanda wa usalama, maana vipago vya juu vilikuwa vimeliwa na kutu na alikwisha kuviripoti mara mbili kwa msimamizi wa maji. Mimi ndiye niliyemhimiza. Yule ndege mama alikuwa akizunguka na kulia, nami nina mtoto mchanga kifuani, sikustahimili. Aliposhikilia kungoja, nilimwambia maneno haya: "Ulipokuwa mlevi hukuogopa kitu. Kumbe pombe ndiyo iliyokuwa mwanaume."

Alimtia yule kinda ndani ya shati, akapanda.

Msimamizi huyo alipofika, aliniuliza kama marehemu alikuwa amekunywa. Nikaona kwamba nikisema hapana, ataniuliza kwa nini basi alipanda. Nikasema ndiyo. Akaandika upesi, maana jibu hilo lilimfaa yeye kuliko habari za kutu. Nanyi mkaliamini kwa sababu mlimjua alivyokuwa zamani. Hakuna aliyeniuliza mara ya pili.

Kesho nitakwenda ofisini kwa msimamizi kuyafuta maneno yale na kutia sahihi. Nimeona nianze na wewe. Sikuombi msamaha, kwa kuwa mimi mwenyewe sijui ningeutia wapi. Naomba tu umwambie Baba kwamba mwanawe alipanda na akili zake timamu, naye alijua kabisa anapanda wapi.

Mjukuu wako anakuamkia. Atakapokuwa na umri wa kuuliza, nitamweleza mwenyewe. Nisalimie Baba, na mawifi zangu ikiwa watazipokea salamu zangu.

Ni mimi,
mkaza mwanao, kama bado utaniita hivyo.