Gari Linalozimikia kwa Muuza Mkaa

Baba Zuhura, mume wangu,

Nakuandikia nikiwa na hasira, nikuambie mapema usije ukadhani hii ni barua ya machozi. Machozi niliyamaliza ndani ya eda. Sasa hivi mikono inanuka petroli, kucha zimejaa grisi, na aliyenifikisha hapa ni wewe na hilo gari lako.

Unajua nasema lipi. La kijani, milango miwili, paa la turubai, ulilolinunua kwa yule Mgiriki wa mashamba ya mkonge alipokuwa anarudi kwao. Watoto wa mtaa wakaliita Chura, ukanuna, kisha ukaanza kuliita Chura mwenyewe. Wenzako walikuwa wanatafuta gari la kubebea mchele, wewe unaleta gari la spoti la kukaa watu wawili, tena hapa Temeke kwenye mchanga. Nilikuuliza, "Na Zuhura atakaa wapi?" Ukasema, "Atakua, ataolewa, tutabaki sie wawili." Ulikuwa na mdomo mtamu, ndiyo maana hasira zangu zilikuwaga zinachelewa.

Basi sikiliza yaliyonipata. Nilipotoka eda, mdogo wako Shabani alikuja, akakaa kibarazani, akanywa kahawa yangu, kisha akasema, "Shemeji, gari limekaa tu uani majani yanaliotea. Bora nilivute mpaka Manzese, vijana walikate, tuuze vyuma." Nikamwambia gari ni la mume wangu na halijafa. Akacheka. "Haya. Jumapili nakuja. Likitoka hapa mpaka barabara ya lami kwa injini yake, sitalitaja tena. Likishindwa, kamba ninayo." Nikakubali mbele ya mama mkwe, kwa hiyo hapakuwa na pa kurudia.

Likawaka. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Nimeweka betri mpya, nimezungusha ufunguo, linanguruma kama zamani, nikajiona nimeshinda. Likatoka getini vizuri, likafika kwa muuza mkaa, likakohoa, likazima. Watu wakanisukuma mpaka nyumbani. Kesho yake vijana wakamiminia kabureta petroli kidogo, likawaka, likazima tena palepale. Muuza mkaa akaanza kuniwekea kigoda.

Nikamwita Fundi Mashaka, yule uliyekuwa ukimwamini. Akaanza na plagi, akabadilisha zote. Tukaishia kwa muuza mkaa. Akafungua kabureta, akaisugua kwa mswaki, akaipuliza kwa mdomo. Muuza mkaa tena. Akasema tangi lina kutu, tukalishusha, tukalisuuza, tukalirudisha, na bado tukaenda kumsalimia muuza mkaa. Akimimina petroli kidogo kwenye kabureta, gari linawaka. Petroli hiyo ikiisha, linakufa. "Mama, mafuta hayafiki mbele," akasema. Hilo hata mie nilikuwa nimeshaliona.

Akasema pampu ya umeme kule nyuma imekufa. Enzi zile za foleni, bidhaa hazipatikani, ningekuwa nimekwisha, lakini siku hizi kila kitu ruksa, Kariakoo spea zimejaa mpaka vibarazani. Tukapata pampu, akaifunga. Mpya, lakini kimya vilevile. Akakaa mchangani akasema basi tatizo ni umeme, na yeye ni fundi wa injini, na fundi umeme wake kasafiri mpaka Jumatatu. Nilitaka kumrushia spana.

Lakini hasira zote zilikuwa zako. Ulinifundisha kuendesha kwa pikapu ya ofisini kwenu, kule viwanjani Mbagala, hukunifokea hata nilipogonga pipa. Ila usukani wa Chura hukunipa. "Lina maringo hili," ukasema, "linamtaka mtu wake." Mie mkeo nikakaa kiti cha pembeni miaka yote kama mtu aliyeomba lifti.

Jumamosi fundi alipoondoka nikaingia ndani ya gari, ufunguo nimeuacha umezungushwa, sina hata nguvu ya kuutoa. Nilikaa upande wangu, kwa mazoea, nikawa nakusema peke yangu. Nikakumbuka safari zetu za Bunju kwa mama yangu. Nikishakaa tu, kabla hujawasha, unainama, unapitisha mkono juu ya magoti yangu, unalikusanya buibui langu lisibanwe na mlango. "Kaa vizuri, bi harusi." Kila safari. Hata siku tulizogombana unainama, na mie nalainika. Nimewaringia mashoga zangu wote kwa hilo buibui.

Nikainama mwenyewe kulikusanya. Vidole vikagusa kitu chini ya dashibodi, kule pembeni kwenye mlango. Kiswichi kidogo, kama cha taa ya kitandani. Nikakibonyeza, na kule nyuma pampu ikaanza kulia tik, tik, tik.

Kumbe ulimtegea mwizi. Ukikizima, petroli iliyobaki kwenye kabureta inamfikisha kwa muuza mkaa, basi. Nikacheka peke yangu kama mwehu, kisha nikakasirika. Nilidhani ni mapenzi, kumbe ulikuwa unawasha pampu. Mwizi asijue, sawa, lakini na mie? Uliondoka asubuhi mzima wa afya, jioni wakanirudishia maiti. Sikuwa na muda wa kukuuliza kitu, wewe ulikuwa nao miaka na miaka. Sentensi moja tu, mume wangu.

Jumapili Shabani alikuja na kamba. Nikawasha, nikatoka, nikampita muuza mkaa akiwa ameshanyanyua kigoda changu, nikafika lami, nikarudi. Shabani akakunja kamba yake, akaomba maji ya kunywa.

Jana Fundi Mashaka alikuja kuiona hiyo swichi. Akatikisa kichwa. "Mama, marehemu kaiweka mahali pa ajabu. Watu wanaiweka chini ya usukani, dereva anainyooshea kidole tu. Hapa lazima ajipinde mpaka upande wa pili." Jibu nilikuwa nalo, ni lile buibui, na si la kumwambia fundi. Na huenda si jibu, huenda ulikosea tu kupitisha waya. Hilo nalo umeondoka nalo.

Akasema ataihamisha, kazi ndogo, nisipate tabu ya kuinama. Kweli ni tabu. Kila nikitaka kutoka, napitisha mkono juu ya kile kiti, hakina mtu, na roho inaniuma na naudhika upya.

Nimemwambia aiache hapohapo.

Lala pema, Baba Zuhura. Bado nimekununia.

Mkeo,
Mama Zuhura