Unga Chini ya Majani

Lodwar, 6 Mei 2024

Dada Monique,

Ejok? Watoto hawajambo? Sisi wazima, joto tu. Simu yako haiingii wiki nzima, ndiyo nimempa kondakta wa basi barua hii.

Ule mzabibu ulionikabidhi kwenye jerikeni mumeo Hilaire alipofariki, ule mnaouita Meunier, uliugua. Ulikuwa umenifika mabegani. Juzi nikageuza jani, chini jeupe, kama limemwagiwa unga. La pili, la tatu, yote! Mimi binti wa wafugaji wa Lokiriama, mbuzi akiugua hatumwachi kati ya wenzake. Nimeukata, mizizi nimeichoma, nimeokoa mipapai iliyo kando yake. Matawi nimezibia boma la vitoto vya mbuzi, maana kwetu ufito hautupwi. Najua utaumia, lakini ningefanyaje?

Dada yako,
Nakaale

Kakuma, 11 Mei 2024

Nakaale,

Leo sikuulizi hali. Nimekusoma kwenye foleni ya maji, nikakaa juu ya jerikeni, zamu ikanipita. Umeukata? Wote?

Haukuwa mgonjwa! Huzaliwa hivyo. Meunier kwa Kifaransa ni msagaji, mtu wa mashine ya unga. Waliona ule weupe wakauita hivyo, na Wajerumani nao kwa lugha yao huuita mzabibu wa msagaji. Padri aliyempa Hilaire kipande alitueleza, na Hilaire alicheka mpaka machozi. Si unamkumbuka akitoka kwenye mashine yake, kope nyeupe? Akasema, "Huyu ni mimi kabisa." Nguo zake niligawa. Huo mti ndio nilibaki nao, nikakupa kwa sababu wewe una mto karibu.

Kosa ni langu pia, sikukuambia maana ya jina. Lakini usiniandikie kwanza.

Monique

Lodwar, 2 Juni 2024

Dada,

Ejok? Umenikataza, naandika. Mume wangu anaitwa Lokwang, yaani mweupe, na sijawahi kudhani ni mgonjwa! Kwa nini sikuuliza kwanza? Nisamehe.

Leo asubuhi nilikuwa nawafungulia vitoto vya mbuzi. Ufito mmoja, pale maji ya karai humwagikia, umetoa jani. Nilipiga kelele majirani wakaja mbio wakidhani ni nyoka. Mimi niliogopa kuligusa. Lokwang ndiye aliyeligeuza.

Jeupe, Monique.

Mbuzi wote nimewahamisha. Njoo umwone msagaji wako.

Dada yako, ukinikubali,
Nakaale