Kitanda Kiko Nje

Kwako mdogo wangu Chiriku,

Mimi kaka yako nimetimiza miaka themanini na mmoja, na kabla sijakusalimu nataka ukumbuke ni nani anayekuandikia. Nimewazika mafundi wote waliojifunza kujenga pamoja nami, hata yule aliyekuwa akinicheka kwamba mkono wangu mzito. Nimeanguka kutoka ghorofani nikainuka nikadai chai. Daktari aliyenikataza chumvi tumeshamzika, na chumvi naila. Sasa nimemzika na wifi yako, na hilo sikulitegemea, maana nilijipangia kutangulia mimi.

Baada ya hayo, hujambo? Shemeji hajambo? Miguu yake imepona, au bado anaisingizia akitumwa sokoni? Sisi huku wazima, wote, na hilo neno wote nimeliandika polepole. Herufi zangu zimelala kama walevi, usinicheke. Darasa la pili lilinitosha, na barua hii sikutaka kumpa mtu aniandikie. Ukifika mwisho utajua kwa nini.

Najua umeshasikia kwamba chumba cha nyuma, kile tulichokuwa tukilala na wifi yako, kilianguka siku ya sikukuu. Najua pia wamekuambia Fundi kazeeka, hata nyumba yake mwenyewe imemshinda. Waambie wafunge midomo. Mji huu umejaa kuta zangu na hakuna hata moja iliyoanguka yenyewe. Hii iliangushwa na maji. Pale kwenye kona bomba la paa lilipasuka zamani, na maji ya mvua yakawa yanamwagikia msingi. Wifi yako akaweka pipa. Kila mvua ikianza utamsikia anatoka, mfuko wa nailoni kichwani, anachota maji ya pipa na kuyamwaga barabarani mpaka mvua ikatike. Mimi kitandani namwambia aache kuhangaika, msingi wangu hauogopi maji. Yeye anazidi kuchota. Alipoondoka hakuna aliyechota tena. Pipa likajaa, likafurika mvua zote zile, nami nimelala ndani nalisikiliza.

Kisha ukuta ukaanza kusema. Asiye fundi asingesikia kitu. Kwanza dirisha liligoma kufunga. Halafu ukaja mchanga, unatiririka ndani kwa ndani, kidogo kidogo, kama mtu anayemimina mchele taratibu asiamshe watoto. Unanyamaza, unaanza tena.

Sikukuu ikafika. Unaukumbuka utaratibu wa wifi yako. Asubuhi vitu vyote vinatolewa nje, mpaka kitanda na kabati, sakafu inapigwa maji, na chakula kinaliwa uani wakati nyumba inakauka. Kabla ya kula kila mtu anashukuru kwa kitu kimoja, kuanzia mdogo hadi mkubwa. Nimebishana naye juu ya jambo hilo tangu tuoane. Nilikuwa namwambia wapita njia watadhani mwenye nyumba katufukuza. Yeye anacheka, ananionyesha pembe ya kabati nishike.

Safari hii nikasema hakuna. Nilimwambia kitinda mimba wangu kwamba mwenye mambo hayo kaondoka nayo, kila mtu ale sebuleni kama watu wengine, kisha aende kwake. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua viatu, akamwambia mumewe dereva ashike upande wa pili wa kitanda. Mtoto yule ana kichwa kigumu, sijui kakitoa wapi.

Walipolivuta kabati, nyuma yake palikuwa na ufa. Mkwe wangu akaingiza mkono, ukazama mpaka kwenye saa. Akanitazama. Nikamwambia ni plasta tu, yeye aendeshe lori lake aniachie kuta zangu. Akautoa mkono kwa heshima, lakini nilimwona akimnong'oneza mkewe, na tangu hapo wakawa wanawafukuza watoto upande ule.

Tukakaa uani. Kiti cha wifi yako kiliwekwa mahali pake na hakuna aliyekikalia. Mjukuu wangu, yule tunayemwita Maswali, akashukuru kwa sababu jino lake limetoka bila kuvutwa. Dereva akashukuru breki. Binti yangu akashukuru kwamba kabati bado linanukia mama. Ikafika kwangu. Miaka yote nilikuwa nasema namshukuru aliyepika, basi, tule. Safari hii mdomo ulikataa. Watu wananingoja, wali unapoa. Nikainuka nikasema nakwenda kulala.

Niliingia mpaka chumba cha nyuma. Sakafu ilikuwa bado mbichi, chumba kitupu, na ule mchanga sasa ulikuwa haunyamazi. Nilisimama pale, mdogo wangu. Sikuwa na haraka ya kutoka. Ndipo kitu kikanishika kidole. Maswali alikuwa amenifuata, kama alivyozoea kumfuata bibi yake kila sikukuu, vitu vikisharudishwa ndani, wakalale pamoja.

"Babu," akasema, "kitanda kiko nje. Tutalala wapi?"

Nikamshika mkono. Nikatoka naye. Hatujafika mezani, ukuta ukakaa chini. Haukupiga kishindo kama wanavyokusimulia. Ulikaa, kama mzee anavyokaa, kisha paa likaufuata. Vumbi likatufunika sote, wali ukawa rangi ya udongo. Lilipotulia nikaona kila mtu yupo, kitanda kipo, kabati lipo. Nikakumbuka bado ni zamu yangu. Nikasema namshukuru mama yenu, katutoa nje. Macho yakanitoka maji, nao kwa adabu yao wakasema ni vumbi.

Sasa neno lenyewe. Niliujua ukuta ule. Fundi kama mimi haambiwi mchanga ukitiririka maana yake nini. Kabla ya sikukuu nilikisogeza kitanda kwa mikono yangu mpaka kikagusa ukuta, upande ule aliokuwa akilala wifi yako. Kila nikizima taa niliuambia, haya, njoo. Sikuwa na ubaya na mtu. Ila yule mtoto sikumfikiria kabisa. Kitanda kingekuwa ndani ningelala, naye angepanda alale, ukutani, mahali pa bibi yake.

Binti yangu sijamwambia. Nalala kwake, lakini kila alasiri miguu inanirudisha huku, na hapa nakuandikia nikiwa uani, kwenye meza ileile. Vyumba vya mbele bado vimesimama. Leo nimeweka sikio kwenye ukuta wa sebule. Mchanga umeanza. Ufunguo wa nyumba uko mfukoni mwangu. Mara mbili nimetaka kumkabidhi dereva, mkono ukarudi. Mawingu yamejaa. Njoo uuchukue wewe. Usitume mtu, maana tangu utoto ni wewe peke yako niliyekuwa nikikuogopa. Njoo kabla mvua haijaanza.

Msalimie shemeji, miguu yake nayo isalimie. Wasalimie watoto wote, uwabusu kwa niaba ya wifi yako, kazi hiyo mimi siiwezi.

Na ukiona nimezidisha mahali, muulize mkwe wangu dereva, mkono wake bado una mkwaruzo wa ule ufa. Muulize jirani fundi bati, aliyekuja mbio na ngazi akakuta hakuna wa kumwokoa. Muulize na Maswali. Yeye muulize taratibu, na umuulize tu kitanda kilikuwa wapi.

Ni mimi kaka yako,
Fundi.